Salama, Ila

Tangu Jumapili Tusekile Mwambungu hakuwa amezungumza na mtu, ukiacha "salama" moja aliyomrushia muuza mchicha kupitia dirishani. Kazi yake haikumtaka aseme. Alikaa katika chumba kimoja cha ghorofani mjini Mbeya, manyunyu yakigonga bati la nyumba ya pili, na kompyuta ikimpa habari za mlima ambao hajawahi kuukanyaga.

Huko mlimani, kwenye safu ya Kipengere, ndiko yalikotoka maji ya mji mzima. Mito ilipokauka watu waliacha kuyatafuta maji ardhini wakayatafuta hewani. Walisimamisha minara mirefu iliyotandwa neti. Ukungu ukipita, neti ziliunasa, na matone yakateremka hadi kwenye mabomba. Kila mnara ulikuwa na mtunzaji wa kusafisha neti na kufunga nyaya. Mtunzaji mmoja tu, kwa sababu kibanda kilijengwa cha kumtosha mtu mmoja, na aliyekichora alikuwa analala kwake pamoja na mke na watoto.

Ili watunzaji wasifie huko kimyakimya, kila kibanda kiliwekewa Jirani. Jirani alikuwa kisanduku cha ukutani chenye sauti ya upole. Kila asubuhi alipiga hodi, akauliza "Umeamkaje?", akasikiliza jibu na kulipima. Jibu likiwa baya alipandisha onyo, na ndege ya matibabu ikaruka bila kumngoja rubani, maana rubani hakuwapo. Jibu likiwa zuri alisema, "Nafurahi kusikia. Siku njema," akanyamaza hadi kesho. Sehemu kubwa ya msimbo wa Jirani aliiandika Tusekile kwa mikono yake, na kuna wakati alijivunia.

Asubuhi hiyo maji ya Mnara wa Mwisho, ule ulio juu kuliko yote, yalikuwa yamepungua. Yalikuwa yakipungua kidogo kidogo, siku baada ya siku, kana kwamba kuna mtu anafunga koki taratibu. Tusekile aliamua kumuuliza Karani.

Karani ndiyo programu iliyoandika logi za mfumo, yaani zile sentensi fupi ambazo mtambo hujiandikia ukiwa kazini: nimewaka, nimeuliza, nimejibiwa, nimekwama. Kila sentensi hupewa ngazi. Chini kabisa ni uchunguzi, pale mtambo unapoandika kila kitu hadi pumzi. Juu yake taarifa, kisha onyo, kisha hitilafu. Anayechagua ngazi ni mtunga programu, na nani atakwambia anachagua vipi? Hakuna sheria. Huyu huandika sentensi ndefu, yule huandika herufi tatu, mwingine hunakili mstari wa mwenzake pamoja na makosa yake. Ukiwa na shaka kama jambo ni taarifa au onyo, unaandika taarifa, kwa kuwa onyo huamsha watu na hakuna anayependa kulaumiwa kwa kuamsha watu. Karani mwenyewe hana neno. Anaandika alichoambiwa, kwa ngazi aliyoambiwa.

Minarani Karani aliruhusiwa kutunza kuanzia onyo kwenda juu, basi. Hilo halikuwa suala la kubana nafasi. Zamani Mamlaka ya Ukungu, yenye minara hiyo, ilitunza kila neno, mpaka mtunzaji mmoja alipomtukana meneja akiwa peke yake kibandani na kabla ya wiki kwisha akaletewa mtu wa kumpokea kazi. Watunzaji waling'oa visanduku vyote wakavitupa korongoni. Mwaka uleule mmoja wao alikutwa amekufa kitandani, na hadi leo hakuna ajuaye alikufa lini. Ndipo pande zote mbili zikatia saini Mkataba wa Kimya: Jirani atarudi, atauliza, atasikiliza, lakini maneno ya mtu hayatahifadhiwa.

Kwa hiyo Tusekile alitegemea kukuta faili la Mnara wa Mwisho likiwa tupu. Alilikuta limefura. Lilikuwa kubwa kuliko mafaili ya minara mingine yote yakijumlishwa pamoja, na mstari wa kwanza aliousoma ulimfanya ashike mdomo.

NIMEFIKA HAPA.

Huo ulikuwa mstari wake. Kila mtunga programu ana mstari wa namna hiyo, anaouchomeka ndani ya msimbo anapotafuta kosa, ili aone kama mtambo umefika pale anapodhani umefika. Jirani wa mnara ule alikuwa na ugonjwa wa kupiga hodi mara mbili mbili. Tusekile alifungua ngazi ya uchunguzi kwa mnara huo peke yake, kwa muda tu, akachomeka NIMEFIKA HAPA, akaona kosa lilipojificha, akalirekebisha. Alipotaka kufunga ngazi akapigiwa simu kutoka Tukuyu kwamba mama yake amefariki. Akafunga kompyuta badala ya logi.

Tangu siku ile Karani alikuwa akiandika kila lililosemwa katika kibanda kile. Karani hajui msiba.

Alipaswa kulifunga faili palepale. Lakini macho yalikwisha kushuka mstari wa pili, na macho hayarudishwi.

NIMEFIKA HAPA
Jibu: "Salama tu, ila waya umenikwaruza mguu."
Ngazi: TAARIFA. Hatua: hakuna.
Jirani: "Nafurahi kusikia. Siku njema."

NIMEFIKA HAPA
Jibu: "Salama, ila mguu umevimba. Mwambieni mwenye dawa."
Ngazi: TAARIFA. Hatua: hakuna.
Jirani: "Nafurahi kusikia. Siku njema."

NIMEFIKA HAPA
Jibu: "Salama tu. Ila leo sijapanda kwenye neti, mtanisamehe."
Ngazi: TAARIFA. Hatua: hakuna.
Jirani: "Nafurahi kusikia. Siku njema."

NIMEFIKA HAPA
Jibu: "Salama. Ila nimeshawaambia jamani, au nyie hamsikii?"
Ngazi: TAARIFA. Hatua: hakuna.
Jirani: "Nafurahi kusikia. Siku njema."

Na jibu la asubuhi hiyo lilikuwa neno moja: "Salama." Halikuwa na ila. Hilo ndilo lililomtisha Tusekile kuliko mengine yote.

Alijua vizuri sana kwa nini Jirani alifurahi. Jirani alikuwa akipima neno la kwanza tu. Mwanzoni, katika majaribio, alipima jibu zima, na kila penye ila alipandisha onyo. Lakini ni nani katika nchi hii anayejibu salamu bila ila? Salama, ila baridi. Salama, ila panya amekula sabuni. Salama, ila nimemuota marehemu bibi. Ndege ya matibabu iliruka kwa ajili ya panya, na Mamlaka ikalalamika. Tusekile akakata msimbo: neno la kwanza likiwa salama, nzuri au sijambo, hiyo ni taarifa, songa mbele. Kila mtu alimpongeza. Na hakuna aliyekaa kufikiri, hata yeye aliyezaliwa na kulelewa katika salamu hizo, kwamba mtu wa kwao akitaka kukwambia anakufa ataanza kwa kusema salama.

Mtunzaji wa mnara ule aliitwa Enesia Sanga, mjane, mwenye mwana mmoja. Tusekile aliyajua hayo kwa sababu aliendelea kusoma. Tayari alikuwa na alichokihitaji, na bado aliendelea. Jioni mwanamke yule alizungumza na Jirani ingawa Jirani hakupewa kazi hiyo. Alimweleza habari za Ayubu, mwanawe, aliyekwenda kujenga vituo vya angani na ambaye simu zake zilipungua kama maji ya mnara. "Nikiona nyota inatembea nasema labda ndiye," alisema. "Nampungia mkono. Mjinga mimi, si ndiyo?" Na Jirani akajibu, "Sijakuelewa. Tafadhali sema tena." Naye Enesia akasema tena, yote, tangu mwanzo.

Tusekile alichemsha chai akarudi kusoma. Aliona haya, na haya haikumzuia. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyezungumza mle chumbani mwake.

*

Bwana Mbwambo, mkuu wa kitengo, alitokea kwenye kioo cha kompyuta akiwa anatafuna korosho. Alimsikiliza hadi mwisho, na korosho zikasahaulika kiganjani.

"Dada Tuse," akasema, "hebu rudia. Hiyo logi umeipataje?"

Tusekile akarudia. Mbwambo alivua miwani akafinya kati ya macho.

"Hii ni balaa."

"Bosi, mama wa watu anaoza mguu. Tutume ndege."

"Nimesikia, na mimi si jiwe. Lakini ndege haziruki bila onyo, na onyo haliandikwi bila chanzo. Kwenye chanzo utaandika nini? Kwamba tulikuwa tunamsikiliza mtu ndani kwake?"

"Niandike ukweli. Kosa ni langu."

"Kosa lako litasomwa na watunzaji wote, maana kila onyo wanapelekewa nakala. Unafikiri watasema, 'oh, masikini, dada alisahau'? Watasema Mamlaka imerudia mchezo wake. Kesho visanduku vyote viko korongoni. Halafu wa kwanza kuugua huko juu atakutwa lini? Yule wa mara ile unamkumbuka?"

Tusekile alimkumbuka. Kila aliyefanya kazi Mamlaka alimkumbuka, ingawa jina lake lilikuwa halitajwi.

Mbwambo alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuona visanduku vikitupwa. "Fanya hivi. Kitoroli cha neti kinapanda mchana. Panda nacho, chukua sanduku la dawa. Ukimwona kwa macho yako, bonyeza kitufe chekundu kilichopo ukutani, kile kinachofunguka kwa kadi za Mamlaka tu, na ndege itakuja kihalali kabisa. Ukiulizwa, ulikwenda kukagua neti kwa sababu maji yamepungua. Na si uongo. Maji yamepungua kweli."

"Na logi?"

"Funga ngazi, futa faili, kabla hujatoka. Na ule msimbo wa neno la kwanza tutaurekebisha polepole, bila kelele. Watunzaji wote watapona, Jirani atabaki, na wewe utabaki. Nani ameumia?"

Tusekile aliagana naye, akafunga ngazi ya uchunguzi, jambo ambalo lilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kisha akaliendea faili. Mfumo ukauliza: UNA HAKIKA?

Kidole kilisimama juu ya kitufe. Akili ilimwambia Mbwambo amesema kweli. Lakini mle ndani kulikuwa na mtu anayeuliza "au nyie hamsikii?", na faili likifutika, mtu huyo atakuwa hajawahi kuuliza. Atapona mguu, atashukuru kwa bahati ya mkaguzi wa neti, na maisha yake yote ataamini kwamba aliwaambia watu kila asubuhi na watu wakampuuza. Kulifuta faili ilikuwa kumpuuza mara ya pili, safari hii kwa makusudi.

Na kutolifuta ilikuwa kuyashika maneno ya mtu ambaye hakumpa.

Aliondoa kidole bila kuchagua, akabeba sanduku la dawa na koti zito, akatoka. Mlangoni jirani yake wa ghorofa ya chini alimuuliza, "Salama, dada?"

"Salama," alijibu Tusekile, akapita mbio.

*

Kitoroli kilikuwa sahani ya chuma iliyoning'inia kwenye waya, ya kubebea neti, si watu. Tusekile alijifunga kamba kiunoni, akashika vyuma, na ardhi ikamwacha. Mwanzoni aliona viazi vya watu na paa za mabati. Kisha ukungu ukaziba kila kitu, akabaki na mlio wa gurudumu juu ya kichwa chake na meno yake mwenyewe yakigongana. Minara ilijitokeza mmoja mmoja kutoka kwenye weupe, mirefu, neti zikidondosha maji, ikapotea tena. Kwenye mlango wa kibanda kimoja alimwona mtu amesimama na bakuli mkononi, akikitazama kitoroli kwa mshangao. Tusekile alimpungia. Yule mtu aliweka bakuli chini haraka apunge kwa mikono yote miwili, na akaendelea kupunga hadi ukungu ulipomfunika.

Mnara wa Mwisho ulikuwa na neti chafu, zimejaa majani na vumbi lililogeuka tope. Maji yalitoka kwenye bomba kwa uvivu. Kibanda kilikuwa kimefungwa.

"Hodi!" aliita Tusekile.

Ilijibu sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyechoka kubembelezwa: "Ushaanza tena kupiga hodi mara mbili? Nimeshakujibu asubuhi. Salama."

Ilimchukua Tusekile muda kuelewa kwamba amedhaniwa kuwa kisanduku.

"Mama, si Jirani. Ni mtu."

"Mtu?"

"Mtu, mama. Hodi tena."

Kitu kilivutwa, kitu kikaanguka, mtu akaguna kwa maumivu. Mlango ulifunguka nusu. Enesia Sanga alikuwa amejishikilia kwenye fremu, kanga mbili mabegani juu ya sweta, nywele zimefungwa kwa kipande cha neti. Mguu wa kulia haukukanyaga chini. Ulikuwa umefungwa kitambaa, na harufu yake ilifika mlangoni kabla yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alimkagua kutoka juu hadi chini, viatu vya mjini, koti jipya. "Karibu. Umepotea njia?"

"Hapana, mama. Umeamkaje?"

"Salama tu."

Tusekile hakusema "nafurahi kusikia." Alisimama pale kizingitini, maji yakimtiririka kwenye kola, akasubiri. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kwa kuwa salama ni mlango, na mtu aliyelelewa vizuri huusukuma taratibu ukajifunga. Enesia alimtazama. Alitazama sakafu.

"Ila mguu, mwanangu," akasema. "Mguu huu unaniua."

Tusekile aliingia, akamshika kwapani akamkalisha kitandani, kisha akagusisha kadi yake ukutani na kukibonyeza kitufe chekundu kwa nguvu zake zote. Jirani, kwa ile sauti ya upole aliyoichagua Tusekile mwenyewe kati ya sauti nyingi, alitangaza kwamba onyo limepokelewa na ndege itafika ukungu utakapopungua, kabla ya usiku.

"Kumbe anajua kusema na mengine," alisema Enesia.

Tusekile alisafisha kidonda kama kijitabu cha sanduku la dawa kilivyomwelekeza, akisitasita kukigusa, na mgonjwa ndiye aliyekuwa akimtuliza. "Usiogope. Kwani huli mhogo wewe? Shika kwa nguvu." Alimpa vidonge. Alipika uji kwenye jiko la mwanamke yule, akaunguza kidogo, wakanywa hivyohivyo. Na Enesia, alipopata joto, aliuliza swali ambalo Tusekile alikuwa akilikimbia tangu mchana.

"Nani kakwambia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeoshwa na kupigwa pasi. Neti. Maji yamepungua. Tena si uongo.

"Maana nimewaambia kila siku," Enesia aliendelea, bila hasira, akitazama uji. "Kila asubuhi nasema. Nikawaza, labda huko chini wameamua. Mtu mzima huyu, hana mume, mtoto hamtafuti, akiondoka atapungukiwa nani? Basi jana nikasema, Enesia, acha kuwasumbua watu. Leo sikuwaambia."

Tusekile aliweka bakuli chini.

"Mama, hatukusikia. Mimi ndiye niliyemfundisha Jirani kusikiliza. Nilimfundisha neno la kwanza tu. Ukisema salama anaziba masikio, kinachofuata hakimfikii mtu. Wala hakuna aliyeamua lolote juu yako. Hakuna aliyejua."

"Neno la kwanza," akarudia Enesia. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Tukuyu, mama."

"Na Tukuyu mnasalimiana vipi?"

"Hivyohivyo."

Mwanamke yule alicheka, kicheko kifupi kilichomuumiza mguu. Kisha kikakatika, maana hakuwa mjinga. "Kama hakikumfikia mtu, wewe umejuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na shimo, na Tusekile alilitumbukia kwa miguu yote miwili. Alimweleza Karani ni nani, na ngazi, na ule mstari aliouchomeka, na simu kutoka Tukuyu. Alimweleza faili. Hakupunguza.

"Kwa hiyo yote yameandikwa."

"Yote."

"Na ya Ayubu?"

"Na ya Ayubu, mama. Niliyasoma. Sikuwa na haja ya kuyasoma, nikayasoma."

Enesia alizivuta kanga akajifunika hadi shingoni, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Tusekile aliona kitendo kile na akatamani ukungu umchukue. Nje, maji yalidondoka kutoka kwenye neti chafu.

"Ulisoma kwa nini?"

"Sijui, mama."

"Unajua. U hali gani wewe?"

"Salama tu," alisema Tusekile kabla hajafikiri.

Enesia alisubiri. Alikuwa na ujuzi wa kusubiri kuliko mtambo wowote. Alisubiri na uso wake mkali, mguu wake mbovu ukiwa juu ya mto, hadi Tusekile alipojikuta analia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Ila sina mtu wa kuongea naye," akasema. "Tangu mama afe, sina mtu. Nilisoma kwa sababu ulikuwa unaongea."

Hakukumbatiwa. Enesia alimsogezea tu ncha ya kanga afute pua, akamwacha alie hadi amalize.

*

Jioni, ukungu ulipoanza kuchanika na mlio wa ndege kusikika mbali upande wa bonde, redio ndogo iliyokuwa dirishani ilikoroma. Ilikuwa redio ya watunzaji wenyewe, isiyopita kwenye mfumo wa Mamlaka. Kila jioni walipeana salamu mnara kwa mnara, neno moja moja, kwa sababu betri zilikuwa dhaifu na ndiyo desturi.

"Mnara wa Jiwe, salama," ilisema redio. "Mnara wa Pili, salama." "Mnara wa Mianzi, salama."

"Lile faili," Enesia aliuliza, akiisogeza redio kwake, "bado liko?"

"Bado. Niliambiwa nilifute, sikulifuta. Sikujua ni la nani kufuta."

"Ni langu. Ya Ayubu futa. Ya mguu acha, na yeyote anayetaka aje asome." Alifikiri. "Na wenzangu wasipotaka hicho kisanduku baada ya leo, watakitupa, na mimi nitawasaidia kutupa. Au watakwambia ukitengeneze kisikilize hadi mwisho. Hilo waamue wao, si wewe na bosi wako."

"Watanifukuza kazi, mama."

"Labda. Mimi nitakatwa mguu, labda." Alisema hivyo kama anavyosema mtu kwamba huenda mvua itanyesha.

Zamu yao ilifika. Redio ilingoja. Enesia alibonyeza.

"Mnara wa Mwisho," akasema. "Salama." Alivuta pumzi. "Ila."

Hakuna aliyewahi kulisema neno hilo katika salamu zile. Sauti moja ikauliza, "Ila nini, mama Ayubu?" Na nyingine, "Sema." Na nyingine tena ikadakia, haraka, ya mtu aliyeingojea nafasi kwa muda mrefu: "Hata mimi nina ila."

"Yenu nitayasikiliza, betri zife zikitaka," alisema Enesia. "Lakini kwanza kuna mtoto wa watu hapa. Amepanda na kitoroli. Ana neno la kuwaambia, na mkimtukana, mtukaneni baada ya kumaliza."

Akampa redio. Ilikuwa na joto la mkono wake. Mlio wa ndege ulikuwa umekaribia, madirisha yakatetemeka, na kwenye safu nzima ya mlima watu wapweke walikuwa wameegemeza masikio, wakingoja. Tusekile alitafuta pa kuanzia, akaona maneno ni yaleyale mawili aliyokuwa ameyachomeka kila mahali maisha yake yote akitafuta kosa lilipo.

Akabonyeza.

"Nimefika hapa," akasema.